Baiskeli ya Umeme ya Matairi Manene: Imeundwa kwa Theluji, Inatumika Kigamboni

Baiskeli ya umeme ya matairi manene niliyoinunua Kariakoo ilikuja na kitabu cha maelekezo ambacho sura yake ndefu kuliko zote inahusu majira ya baridi: namna ya kuiendesha juu ya theluji, namna ya kuitunza betri wakati wa jalidi, na onyo kali kuhusu barafu. Muuzaji alicheka na kuniambia sura hiyo haituhusu. Baada ya kuitumia kiangazi na masika kati ya Kigamboni, ng'ambo ya kivuko, na mjini, naona kwamba hiyo ndiyo sura yenye manufaa zaidi kwa mkazi wa Dar es Salaam, ilimradi ajue ni ushauri upi unafuatwa kama ulivyo na upi unageuzwa kinyume.

Baiskeli yenyewe haina jina kubwa. Ina matairi ya inchi 26 yenye upana wa inchi 4, yaani takribani sentimeta 10, mota ya wati 500 ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, betri ya volti 48 yenye ampea-saa 15, gia 7 na breki za diski zinazovutwa kwa waya. Uzito wake unakaribia kilo 30. Bei niliyolipa haiko mbali na ya bodaboda mpya, na jambo hilo lazima mnunuzi alipime mapema, kwa sababu bodaboda inabeba abiria na mzigo ambao baiskeli hii haiwezi kuubeba.

Matairi ya aina hii yana asili mbili. Huko Alaska, tangu miaka ya 1980, waendeshaji waliotaka kupita njia za theluji walikuwa wakilehemu rimu mbili ziwe moja ili tairi likalie eneo pana zaidi, na huko New Mexico wengine walikuwa wakitafuta suluhisho lilelile kwa ajili ya mchanga. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ilipotoa Pugsley, baiskeli ya matairi manene, baiskeli hizo zikaanza kupatikana madukani. Kwa hiyo anayeiona Mjimwema, huku Kigamboni, akadhani imepotea njia hajakosea sana, lakini nusu ya ukoo wake ni wa mchangani.

Theluji laini na mchanga mkavu vyote hudidimia chini ya tairi jembamba lililojaa upepo, na dawa yake haimo kwenye nguvu za mota bali kwenye upepo wa tairi. Kitabu kinashauri kuushusha hadi kati ya pauni 5 na 8 kwa inchi ya mraba kwenye theluji, na kuupandisha hadi 20 barabarani. Nilipoingia ufukweni na pauni 20, gurudumu la nyuma lilichimba shimo na kukaa humo huku mota ikinguruma. Niliposhusha hadi 8, tairi lilitandaa, mbavu zake zikafanya mikunjo midogo pembeni, na baiskeli ikatembea juu ya mchanga ule ule bila kuyumba. Maji yanapokupwa na mchanga ulioloa ukakaza, pauni 12 zinatosha na betri inadumu zaidi. Tatizo linakuja unaporudi kwenye lami na upepo mdogo, kwani usukani unakuwa mzito na kuvuta upande, na shimo moja lenye kingo kali linaweza kuibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa mara mbili. Geji na pampu ya mkono ni vitu vya lazima, na kujaza tairi pana hivi kwa pampu ya kawaida ni kazi ya kutoa jasho.

Kuhusu barafu, kitabu kinasema waziwazi kwamba upana wa tairi hausaidii, na kwamba anayeendesha juu ya barafu ngumu anahitaji matairi yenye misumari midogo ya chuma. Onyo hilo ningependa lisomwe na kila anayeambiwa dukani kwamba baiskeli hii haitelezi. Sisi hatuna barafu, lakini wakati wa masika tuna udongo mfinyanzi ulioburutwa na magari na kusambaa juu ya lami, hasa pale njia za mitaani zinapokutana na barabara kuu. Chini ya tope hilo jembamba kuna uso mgumu ambao vigingi vya mpira vilivyo juu ya tairi haviwezi kuung'ata, na hapo tairi la inchi 4 linateleza kama jingine lolote. Ushauri wa kitabu unafaa bila kubadilishwa: punguza mwendo kabla ya kufika, usikate kona ghafla, tumia breki ya nyuma kwa upole na usibonyeze kitufe cha mota ukiwa katikati ya utelezi. Mota hii huitika baada ya kukawia kidogo kisha husukuma kwa nguvu zote, kasoro inayovumilika kwenye lami kavu lakini ya hatari kwenye tope.

Betri ndiyo inayotaka maelekezo yageuzwe. Betri ya lithiamu ikipata baridi kali hupungukiwa nguvu kwa muda, na kuichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 kunaiharibu, ndiyo maana watu wa nchi za baridi huiingiza ndani ipate joto kwanza. Mnunuzi wa Dar anaweza kufurahi kwamba ameepukana na hayo. Asifurahi haraka. Uwezo unaopotea kwa baridi hurudi betri ikipata joto, ilhali joto kali huizeesha moja kwa moja, na hali mbaya zaidi ni kuiacha ikiwa imejaa kabisa mahali pa moto, kwa mfano kwenye banda la mabati mchana wa Februari. Mimi huichomoa, huiacha ndani ya nyumba ipoe, ndipo naichaji, na nisipokuwa na safari siijazi hadi mwisho. Kitabu kinaahidi kilomita 60. Kwenye lami tambarare, ukipiga pedali kwa dhati, unaikaribia ahadi hiyo. Mchangani tarajia nusu yake. Kuijaza kunakula chini ya uniti moja ya umeme, ambayo kwa bei ya kawaida ya majumbani haifiki shilingi 400.

Kuna sehemu moja ya sura ile ambayo ingeweza kuandikwa Kigamboni. Katika nchi za baridi, chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, na waendeshaji huko wanalalamika kwamba inakula minyororo na boliti. Chumvi yetu inaletwa na upepo wa bahari, lakini kazi yake ni ile ile. Boliti za kikapu na za madigadi zilianza kutu mapema sana, kuonyesha kwamba kiwanda kimetumia chuma cha bei rahisi mahali ambapo mnunuzi haangalii. Baada ya kila safari ya ufukweni, baiskeli inataka kumwagiwa maji baridi yasiyo na presha, kufutwa, na mnyororo kupakwa mafuta. Mchanga nao husaga vitambaa vya breki, kwa hiyo vinunue pamoja na baiskeli.

Pancha ni mtihani. Fundi wa mtaani kwetu aliligusa tairi, akaniangalia, akasema, "Kaka, hili ni la baiskeli au la trekta?" Kuziba alijua, na alifanya vizuri, lakini kulitoa gurudumu la nyuma kulihitaji spana namba 18 na uangalifu wa kuuchomoa waya wa mota kwanza, jambo ambalo karibu alisahau. Tyubu ya upana huu hakuwa nayo, na maduka kadhaa ya vipuri niliyopita hayakuwa nayo pia.

Kwa anayekaa ghorofani bila lifti, siipendekezi: kilo 30 hazipandi ngazi. Kwenye pantoni inavumilika, kwa sababu ina hali ya kutembea ambayo mota huisukuma polepole ukiwa pembeni yake, na hilo ni msaada mkubwa maji yakiwa yamekupwa na mteremko wa kuingilia umekuwa mkali. Kwa mkazi wa Kibada, Gezaulole au Mbweni, ambaye lami inamwishia kabla ya kufika nyumbani, sijaona chombo cha magurudumu mawili kinachopita mchangani kwa utulivu huu. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe tyubu mbili za inchi 26 kwa 4 na betri ya akiba ya mfano huo huo dukani mwake. Mimi nilionyeshwa picha kwenye simu, na betri hiyo hadi leo haijafika.