Nimeiweka OpenBSD dukani, na huu ndio mrejesho

Nina duka la steshenari Tanga, maeneo ya Ngamiani. Tunatoa kopi, tunaprinti, tunaskani, tunapiga picha za pasipoti, na tunawajazia watu fomu za maombi ya chuo. Adui yangu mkubwa kwenye kazi hii si jirani aliyefungua duka kama langu ng'ambo ya barabara. Ni flashi. Flashi ya mteja imepita chuoni, imepita ofisini, imelala kwa shemeji yake, na kila ilikopita imeokota kirusi. Mwaka 2023 kimoja kiliingia kwenye kompyuta yangu ya mahesabu, mafolda yote yakageuka shotikati, na wiki nzima nikawa naandika mauzo kwenye daftari la kaunta kama enzi za marehemu babu.

Njia ya pili ya wateja ilikuwa WhatsApp. Hiyo haina kirusi sana, lakini simu yangu ilikuwa imejaa vitambulisho vya NIDA, vyeti vya ndoa na hati za viwanja vya watu nisiowajua hata kwa sura. Simu ikiibwa daladalani nitawaambia nini? Na tangu itungwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo lenyewe limetoka kwenye aibu limeingia kwenye sheria.

Nikaona bora mteja aingie kwenye waifai ya duka, afungue ukurasa mmoja, apandishe faili lake, sisi tuprinti, usiku lifutwe. Seva ikae humu humu, chini ya kaunta. Mfumo niliouchagua ni OpenBSD, na mpaka sasa nimekaa nao karibu miaka miwili, kuanzia toleo la 7.4.

Kwa asiyeujua: ni mfumo endeshi wa ukoo wa Unix, wa bure, msimbo wake uko wazi. Theo de Raadt aliuanzisha mwaka 1995 alipotengana na wenzake wa NetBSD, mfumo mwingine wa ukoo huo huo, na makao yake ni Calgary, Kanada. Hata kama hujawahi kuusikia, kazi ya mikono yao umeitegemea, kwa sababu OpenSSH, mlango ambao mafundi wa seva karibu wote huingilia kazini kwao, inatengenezwa na watu hao hao tangu 1999. Wanajigamba kwamba kwa umri wao wote, ukiuweka mfumo jinsi ulivyokuja, yamewahi kuonekana matundu mawili tu ya mtu kuingilia kutoka mbali. Mimi muuza kopi, sina ubavu wa kubishana na majigambo hayo. Nilichotaka ni nyumba inayokuja imefungwa, madirisha nifungue mwenyewe, moja moja.

Mashine ni ThinkPad X220, ya mtumba wa Kariakoo, shilingi laki na themanini kwa sababu kioo kilikuwa kimekufa. Nikaipa diski mpya ya SSD ya GB 240. Kuusimika mfumo hakukuchukua nusu saa: unaulizwa maswali, mengi unabonyeza Enter tu. Ukimaliza unakutana na skrini nyeusi yenye maandishi. Hakuna madoido, hakuna wa kukukaribisha. Ila ukipekua ndani unakuta fayawoli (mlinzi wa nani apite na nani asipite mtandaoni), seva ya wavuti, ya DNS inayotafsiri majina ya tovuti, ya kugawa anwani, ya barua pepe, na WireGuard ya kuunganisha mashine za mbali kwa njia ya siri, vyote vimekuja ndani ya boksi. Mwezi wa kwanza nilipakua kifurushi kimoja tu kutoka nje, PHP, lugha niliyoandikia ukurasa wa kupandishia faili.

Na miongozo! Hapa nitasifia bila kuona haya. Kwenye mifumo mingine nilizoea kutafuta jibu mtandaoni, nikalikuta la miaka kumi iliyopita, la toleo lililokwisha kufa. Huku kila programu na kila faili la mipangilio lina ukurasa wake wa mwongozo, unaufungua kwa amri ya man, umeandikwa na mtu anayeijua kazi, una mifano, na unaendana na toleo ulilonalo. Bando likiisha, mwongozo haujaenda popote, uko kwenye mashine. Sharti ujue Kiingereza cha kusomea, hilo nalisema wazi, na usiwe mvivu.

Fayawoli yao, pf, waliiandika wenyewe mwaka 2001 baada ya ugomvi wa leseni na ile waliyokuwa wakiitumia. Mimi niliyejifunzia ukubwani naweza kuisoma. Sheria zangu hazizidi mistari ishirini na tano: kwanza zuia vyote, kisha ruhusu hiki na kile. Mteja aliye kwenye waifai anaona ukurasa wa kupandishia faili basi, kompyuta ya mahesabu haioni hata kivuli. Hapo nilihitaji mlango wa pili wa mtandao, maana laptopu ina mmoja, nikaongeza kiunganishi cha USB na kikakubali papo hapo. Waifai yenyewe inatoka kwenye ruta kuukuu. Kadi ya waifai ya hii laptopu, chini ya OpenBSD, inaweza kuunganishwa na waifai ya mwingine, lakini haiwezi kurusha ya kwake.

Baadaye nikawaonea huruma wanaosubiri foleni nikawafungulia intaneti. Kosa. Simu za watu zikipata waifai zinakumbuka kazi zote zilizokuwa zimeahirishwa: picha zinapandishwa, programu zinajisasisha, na bando langu la GB 20 liliisha kabla ya adhuhuri. Nikarudi kwenye man pf.conf, sehemu ya foleni za mtandao, nikaandika mistari mitatu: wateja wote kwa pamoja wasizidi Mbps 2. Toka siku hiyo anayetaka kusoma ujumbe anasoma, anayetaka mpira anaenda zake kibanda umiza.

Yaliyonitoa jasho yalikuwa upande wa seva ya wavuti, httpd yao. Ina tabia ya kujifungia chumbani: inaona yaliyomo kwenye folda ya /var/www, nje ya hapo kwake ni giza. Skripti yangu ya kwanza ilikuwa inaita programu iliyoko nje ya chumba hicho, ikafa kimya kimya, nami nikakesha jioni mbili nikidhani nimekosea nukta. Nilipopita hapo nikajiona nimefika. Siku ya uzinduzi akaja mama mmoja wa makamo, mteja wangu wa siku nyingi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nitolee kopi tatu za hati hii, iko kwenye simu.”

Nikamwelekeza kwa mbwembwe. Akabonyeza, akangoja, akanigeuzia simu: “Hilo dude lako limeikataa hati yangu.” Na kweli, kosa namba 413. Kumbe httpd kwa kawaida yake haipokei mzigo unaozidi baiti 1,048,576, yaani MB 1, mpaka uiruhusu. Nikairuhusu, mama kasimama, foleni inakua. Ikakataa tena. Safari hii ni PHP nayo, ambayo kwa kawaida yake kikomo cha faili ni MB 2, na hati ilikuwa na MB 3. Yote yameandikwa kwenye miongozo, na yote sikuyasoma. Mama alishatoa flashi yake kwenye mkoba.

Lawama yangu nyingine ni jinsi OpenBSD inavyoigawa diski. Ukiiachia ifanye yenyewe, inakata vipande vingi, kila kimoja na kazi yake, na kipande kikubwa inakipa /home, makazi ya faili za watumiaji. Kwa usalama ina mantiki. Lakini faili za wateja wangu zinakaa chini ya /var, na siku ya maombi ya vyuo /var ilijaa pomoni huku /home iko tupu kama uwanja wa shule Desemba. Kunyoosha hilo baadaye ni shughuli, mimi niliamua kuweka upya tangu mwanzo. Anayeanza leo aitengee /var/www kipande chake mapema.

Sasa umeme. Hapa ndipo wengi wanaosifia OpenBSD huwa hawagusi, labda kwa sababu kwao umeme haukatiki. Mfumo wake wa faili, FFS, hauna jarida la kumbukumbu, la kuandika kwanza kinachotaka kubadilishwa, kama ext4 ya Linux, na ile njia ya zamani ya kupunguza madhara, softdep, walishaizima kufikia toleo la 7.4. Mashine ikizimika ghafla, ikiwaka inaanza kukagua diski yote, na ikikuta jambo isilolielewa inasimama na kukutaka uje mwenyewe uendeshe fsck, programu ya kukarabati diski, kwa mkono.

Kwangu ilitokea Jumapili, tena wala sina wa kumlaumu: LUKU, umeme wa kulipia kabla, iliisha saa nane usiku na mimi nilikuwa nimejiahidi kununua asubuhi. Betri ya mtumba ikavuta dakika kama arobaini ikakata roho. Jumatatu tunafungua duka, foleni ya wahitimu wa kidato cha sita imefika kwenye ngazi, ukurasa haufunguki. Kioo cha laptopu kimekufa, kwa hiyo hata swali inaloniuliza silioni. Ikabidi nichomoe monita ya kompyuta ya mahesabu, niinamie chini ya kaunta na waya wa VGA, niikute inasubiri kwa adabu zake zote niendeshe fsck. Kijana wangu wa kaunta akaniambia, “Bosi, leo turudie flashi tu.” Tukarudia.

Niliagiza betri mpya, nikaandika skripti inayoitwa kila dakika na cron, mpanga ratiba wa mfumo: umeme ukiwa haupo na chaji ikishuka chini ya asilimia 20, mashine ijizime kistaarabu. Haijawahi kunisimamisha tena. Lakini nisikudanganye, kama unaweka seva ya mezani isiyo na betri wala UPS, FreeBSD yenye mfumo wa faili wa ZFS au hata Linux ya Debian ya kawaida itakustahimilia zaidi. Na kama vitu unavyotaka kuviendesha vinakuja kwa Docker, yaani vimefungashwa tayari na kila vinachohitaji, kama maghala mengi ya picha ya siku hizi, usipoteze muda wako, OpenBSD haina Docker.

Masasisho ni raha, ila yana bei ya bando. Viraka vinaingia kwa amri moja, syspatch. Kila miezi sita hivi hutoka toleo jipya, na yanayohudumiwa ni mawili ya mwisho tu, kwa hiyo huwezi kukaa mwaka na zaidi umekunja nne. Sysupgrade, amri ya kupanda toleo, inavuta mamia ya MB, inajiwasha upya, inarudi. Nimepanda mara tatu mpaka 7.7, kila mara Jumapili, na mara zote tatu kilichonichelewesha ni PHP iliyobadilisha namba ya toleo. Julai 2024 ulipozuka ule mtafaruku wa tundu kwenye OpenSSH za Linux, jamaa zangu mafundi walikesha. Kwenye OpenBSD yenyewe tundu hilo halikuwepo, nikafunga duka saa moja kama kawaida.

Kuifikia seva kutoka nyumbani kulihitaji ujanja kidogo, maana intaneti ya duka ni ya laini ya simu na anwani tunachangia na watu kibao. Nimekodi seva ndogo nje, WireGuard inaziunganisha, faili la mistari michache. Mengine madogo: kila asubuhi mfumo unaniandikia barua kunieleza faili gani la mipangilio limebadilika tangu jana, na mara mbili barua hiyo imenikumbusha jambo nililolichezea usiku nikalisahau. Bluetooth haina. Nusu ya nyuzi za prosesa inazizima kwa makusudi tangu toleo la 6.4, kwa sababu za usalama, na kwa kazi yangu sijaona tofauti.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano ilizimika na LUKU.

Kwenye kaunta nimebandika karatasi: HATUPOKEI FLASHI. Yule mama bado anakuja na yake, na nani atamkatalia. Tofauti ni kwamba sasa inachomekwa chini ya kaunta, kwenye ThinkPad, kwa kusomwa tu bila kuandikwa. Kijana anaichukua ile PDF moja anayoitaka mama. Juzi ilikuwa na virusi vinne, vyote vya Windows, vimekaa humo vinashangaa.