Bolti yangu laini walibadilisha, giaboksi ikasagika

Sikuwa na mpango wa kuandika chochote kuhusu matengenezo ya mashine yangu ya kurusha theluji, ile inayofungwa nyuma ya trekta na kuzungushwa na PTO, yaani kile kichwa kinachozunguka nyuma ya trekta na kutoa nguvu ya injini. Lakini tangu siku nilipotoka kwenye karakana ile nikiwa nimeshika bolti mkononi, hasira hazijanitoka. Mwenye mashine kama yangu na asome, huenda akaokoa giaboksi yake.

Niliipeleka kabla baridi haijaanza. Kazi niliyowapa haikuwa ya ajabu: kumwaga oili ya giaboksi na kuweka mpya, kukaza mnyororo, kupiga grisi kila penye nipeli (kile kitundu cha kuingizia grisi), na kugeuza bapa la kukwangulia chini ambalo lilikuwa limelika upande mmoja. Waliirudisha inang'aa. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka.

Sasa, kwenye shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kutoka kwenye trekta hadi kwenye mashine, kuna bolti moja, pale inapoingia kwenye giaboksi ya mashine. Bolti hiyo ni laini, na imefanywa laini makusudi. Shafti inazunguka mara 540 kwa dakika. Mashine ikimeza jiwe au kipande cha mti kilichofichwa na theluji, nguvu yote hiyo inakwama ghafla na lazima kitu kikatike. Kinachotakiwa kukatika ni hiyo bolti. Unasikia "tak!", mashine inasimama, unazima trekta, unachomoa ufunguo, unatoa kilichokwama kwa fimbo (kwa fimbo, si kwa mkono, hata kama kila kitu kimetulia), unaweka bolti nyingine. Vidole vinakufa ganzi, lakini kazi inaendelea. Nimezibadilisha nyingi na sijawahi kunung'unika.

Asubuhi moja katikati ya baridi, theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Nilikuwa narudi kinyumenyume kama kawaida ya mashine hizi, shingo nimeigeuza nyuma. Safari hii hakukuwa na "tak". Trekta iliguna kama imebanwa koo, mashine ikatetemeka hadi nikashika usukani kwa mikono miwili, kisha nikasikia chuma kikisagana na chuma. Nikazima haraka. Nilipofika nyuma, oili ilikuwa inachuruzika juu ya theluji nyeupe. Ndani kulikuwa na kipande cha gogo kilichoganda, kinene kama mkono wangu tu.

Na bolti ilikuwa nzima! Haikupinda hata kidogo. Nikaifungua, nikaifuta kichwa, nikaona mistari sita. Aliyezoea bolti anajua: mistari sita ni daraja la 8, chuma kigumu cha kufungia vitu visivyotakiwa kuachia kamwe. Iliyokuwepo mwanzo ilikuwa na kichwa kitupu, haina mstari hata mmoja, na ndiyo iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Nilipofungua giaboksi, meno ya gia yalikuwa yamelala ndani ya oili kama kokoto.

Nikarudi karakana na bolti kiganjani. Jamaa wa mapokezi hakuinua hata uso. "Zile zako zilikuwa zinakatika ovyo, mzee. Tulikuwekea bolti ya haja." Nikamwambia, kijana, ile inatakiwa ikatike. Hapo ndipo aliponitazama, kuanzia viatuni hadi kofiani. "Wewe endesha trekta. Ufundi tuachie sisi." Wenzake wawili wakacheka. Sikumjibu, maana ningemjibu vibaya. Nimefunga na kufungua mashine ile kwa mikono yangu misimu mingi, naijua kuliko yeye anavyoijua, na aliyenivunjia ndiye anayenifundisha.

Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Siku zile za kwanza nilitaka kuiuza, nikasema ni bati tupu. Nilikosea. Inarusha theluji mbali, ni imara, na ingedumu miaka mingine mingi kama ingeachwa na bolti yake.

Nikawaza pia kwamba nisiwaonee. Grisi walipiga vizuri. Mabomba mawili ya shafti yalikuwa yanaingiliana bila kukwama hata kwenye baridi kali, na ule mfuniko wa plastiki wa shafti, ambao mafundi wengi huutupa, waliurudisha mahali pake. Mfuniko ule ndio unaozuia nguo isinaswe ikakuvuta mzimamzima. Kwa hilo nilitaka kuwapa nyota mbili.

Nilipofika hapo nikaacha kuandika, nikaenda kuitazama ile shafti ili nisiwasingizie wala nisiwasifu bure. Krosi (kile kiungo kinachoiwezesha shafti kupinda ikiwa inazunguka) ya upande wa mashine ina grisi safi. Krosi ya upande wa trekta, ambayo mtu inabidi apige magoti kuifikia, ni kavu. Nipeli yake imejaa kutu, na haijaguswa na bomba la grisi muda mrefu, pengine tangu msimu wa kabla ya huo. Nililipia krosi zote mbili.

Basi nyota mbili sitoi. Natoa moja, na hiyo ni kwa ajili ya mfuniko peke yake. Giaboksi nyingine nimeagiza, nitaifunga mwenyewe, na kwenye kabati la trekta nimeshaweka mfuko wa bolti zenye kichwa kitupu.