"Feet" na "sheep": wingi upi unasumbua zaidi?

Wanafunzi wengi wa Kiingereza huogopa kundi la kwanza: "foot" huwa "feet", "tooth" huwa "teeth", "goose" huwa "geese", "mouse" huwa "mice". Mimi naona ndilo jepesi. Maneno ni machache, ukishayakariri umemaliza. Tena yana asili yake: zamani wingi ulibeba kiambishi tamati chenye sauti ya i, sauti hiyo ikaivuta irabu ya ndani ya neno, kisha kiambishi chenyewe kikadondoka. Usilieneze tu kila mahali. "Mongoose", yaani nguchiro, lina asili ya Kimarathi cha India, kwa hiyo wingi wake ni "mongooses".

Kundi la pili, "sheep", "deer", "aircraft", "series", halibadiliki. Mswahili atasema, ah, si kama nyumba na kalamu tu! Ndiyo, lakini sisi tuna upatanisho: nyumba imeungua, nyumba zimeungua, kondoo alilala, kondoo walilala. Kiingereza hakikupi msaada huo kila mara. "The sheep is" na "the sheep are" zinatofautiana, ila "the sheep slept" inakuacha hewani: mmoja au zizi zima? Itabidi usake "this", "these" au namba. Hapo ndipo watu huteleza, na wengine hujihami kwa kubandika s: "sheeps", "aircrafts". "Fish" limelegezwa kidogo, maana "fishes" hutumika kwa samaki wa aina mbalimbali.

Kama mtihani umekaribia, anza na kundi la pili.