Nyota ya sita haipo: seti yangu ya nembo za vikosi vya siri

Niliagiza mtandaoni seti ya beji tatu za kitambaa, nakala za nembo za vitengo vya siri vya Marekani. Najua utauliza: kitengo cha siri, beji ya nini? Lakini mtu asiyeruhusiwa kumwambia hata mkewe kazi anayofanya, naye anataka pa kujivunia, hata kama ni begani tu.

Pweza ndiye bora. Ni nembo ya NROL-39, satelaiti ya ujasusi iliyorushwa kutoka Vandenberg, California, Desemba 2013. Kaikumbatia dunia kwa mikono yake, na maneno ya chini yanasema hakuna wasichokifikia. Na hii ni miezi sita tu baada ya Edward Snowden kumwaga siri za udukuzi wa serikali ya Marekani! Uzi umebana, macho ya pweza yanakutazama kwa hasira kama inavyotakiwa. Shirika lenyewe, NRO, linalosimamia satelaiti za ujasusi za Marekani, lilifichwa tangu 1961 hadi 1992.

Ya pili ina kiumbe wa angani na Kilatini cha kuokoteza, "Gustatus Similis Pullus", yaani ladha yake kama kuku. Utani huu una mizizi: mwenye nembo hii ni kikosi cha 509, chenye ndege za mabomu za B-2 leo, ndicho kilichokuwa Roswell, New Mexico, mwaka 1947 uvumi wa kisahani cha viumbe wa angani kuanguka ulipoanza. Muuzaji kaandika "Pulus". Nimemsamehe, maana Kilatini chenyewe kilikuwa kibovu tangu mwanzo.

Ya tatu sikumsamehe. Ni ya kikosi cha majaribio ya ndege: mchawi na fimbo yake, pamoja na sigma, herufi ambayo wahandisi huitumia kupimia ndege inavyoonekana kwenye rada. Pembeni panatakiwa nyota sita, tano pamoja na moja, fumbo la Area 51, kituo cha siri cha majaribio ya ndege kule Nevada. Yangu ina tano. Nilihesabu, nikawasha taa, nikahesabu tena, nikaigeuza nyuma kuona kama uzi umekatika. Haikushonwa kabisa.

Nilimwandikia muuzaji. Akajibu kwamba nyota ni mapambo tu.

Velkro inashika vizuri, ila gundi inanuka siku mbili za mwanzo. Kwa sasa nampa nyota tatu. Ya nne atapata akinitumia ile ya sita.