TAHADHARI: Jihadharini na "wakaguzi wa bure" wa mbao zilizooza

Wenye nyumba, kuweni macho. Kuna watu wanajitambulisha kama wataalamu wa kuvu ya mbao. Wanakuja na kipima unyevu chenye sindano mbili, wanachoma hapa na pale, kinalia, kisha wanakunja uso: nyumba nzima imeshaliwa. Ukaguzi ni bure. Dawa ndiyo yenye bei, na nusu wanaitaka leo leo.

Kifaa hicho si cha uongo, ila namba zake zimewekwa kwa ajili ya kupima mbao. Ukikichoma kwenye lipu yenye chumvi, namba zinapanda hata kama maji ni kidogo. Aliyekuja kwangu alikuwa anachoma ukutani tu. Nilipomwambia achome boriti yenyewe, akasema betri imeisha. Betri hiyo hiyo iliyokuwa inapiga kelele muda mfupi uliopita!

Ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20 kuvu haiwezi kuuanza. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi wa kweli ni maji yanatoka wapi: bomba linalovuja, gata iliyoziba, udongo uliolundikwa ukutani, matundu ya hewa yaliyozibwa chini ya sakafu. Hawa hawaulizi kabisa. Wanapuliza dawa juu juu, chanzo cha maji kinabaki, na kuoza kunaendelea ndani kwa ndani.

Angalia mwenyewe kabla ya kumwita mtu. Chukua bisibisi, sukuma kwenye ubao. Mzima unakataa, uliooza unazama. Ulioliwa na kuvu kama Serpula lacrymans huwa wa kahawia, mwepesi, umepasuka vipande vya mraba na unasagika vidoleni. Vumbi jekundu kama kutu, lililotanda hata mbali kidogo na ubao wenyewe, ni mbegu za kuvu hiyo, na hapo kweli kuna kazi. Lakini unga unaomwagika kutoka kwenye vitobo vidogo vya duara ni wa wadudu, na mimi nilionyeshwa unga huo huo kama "ushahidi wa kuvu".

Dawa yao ipo kwenye dumu lisilo na lebo na inanuka oili chafu. Dawa halali, kwa mfano za borati, huandikwa kiambato na namna ya kutumia. Usiruhusu kitu usichokijua kipulizwe chumba wanacholala watoto.

Halafu kuna ile "dhamana ya miaka 30". Someni maandishi madogo: inafutika unyevu ukirudi. Sasa inadhamini nini?

Kama mmeshalipa, dai risiti yenye jina la dawa, na piga picha mbao kabla hazijaguswa. Vipande watakavyokata msiwaache waondoke navyo. Mwonyesheni fundi mwingine asiyeuza dawa.