Wakili wa kaunti ama wa nje?

Watu huuliza mbona Kaunti ya Nairobi inalipa mawakili wa nje na iko na wake pale City Hall. Sheria ya Ofisi ya Mwanasheria wa Kaunti ya 2020 inataka kila kaunti iwe na ofisi hiyo, kwa hivyo timu ya ndani si hiari. Hawa wako kwa mshahara, kesi iwe kubwa iwe ndogo, na faili wanazijua, nani alitoa leseni, ploti ilipimwa lini, barua gani ilikosa sahihi. Wa nje anapiga hesabu kulingana na thamani ya kinachogombaniwa, sasa kesi ikiwa ya ploti ya bei kubwa kama Upper Hill, bili ikikuja mhasibu anaitisha maji. Lakini kesi ngumu ya tenda ikiwa mahakamani Milimani kesho asubuhi na wa ndani ako na mafaili hadi kwa shingo, mimi nampa wa nje, bora bei iandikwe kabla hajavaa joho.