Stesheni ya Kati au Stesheni ya TAZARA?

Kwa mgeni wa Dar es Salaam mwenye nafasi ya kutazama stesheni moja tu, ningependekeza TAZARA, ya reli ya Tanzania na Zambia. Stesheni ya Kati, jirani na bandari, ndiyo kongwe: Wajerumani walianza kujenga reli yake mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Hata hivyo TAZARA, yenye ukumbi mpana wa dari refu kando ya Barabara ya Nyerere, ni kumbukumbu ya ukombozi, kwani reli yake ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China ili shaba ya Zambia isitegemee njia za kusini zilizopita nchi zilizotawaliwa na walowezi Wazungu, kama Rhodesia. Upana wa njia ni milimita 1,067, kama wa reli za Zambia. Ile ya Kati ni milimita 1,000, hivyo treni zake haziwezi kupita kwenye reli ya TAZARA.